Chozi amejenga mbele ya dirisha langu: nimpige picha vipi bila kumfukuza?

Swali kuhusu chozi, yule ndege mdogo wa maua mwenye mdomo uliopinda, limetoka kwa mwalimu mstaafu wa Mamboleo, Kisumu. Nimelifupisha kidogo:

"Chozi amening'iniza kiota kwenye tawi la bogonvilia, kama mita tatu kutoka dirisha la sebule. Dume ni mweusi, kifua chekundu kinachowaka. Jike ni wa rangi ya kahawia. Kwa siku nne sasa jike amekaa ndani, mdomo wake tu ndio unaoonekana mlangoni. Nina Canon ya zamani aliyoniachia mwanangu, yenye lenzi ya 55–250, na simu. Matawi mawili yanakiziba kiota. Jirani yangu anayepiga picha za harusi ameniambia niyakate, nipande ngazi, na nitumie flashi ili ndani paonekane. Wajukuu wanakuja likizo ya Agosti na wanataka kuona makinda. Nifanyeje?"

Mwalimu, shikamoo. Naanza na lile lisiloweza kusubiri: tafadhali makasi yabaki ndani na ngazi ibaki stoo. Jirani yako anajua kazi yake, lakini bwana harusi akiambiwa asogee kwenye mwanga anasogea kwa hiari yake, na kesho bado ana nyumba. Huyu wako hana pa kusogea.

Matawi hayo mawili ni sehemu ya kiota. Chozi jike hujenga peke yake. Anafunga nyasi, majani makavu na vipande vya magome kwa utando wa buibui, na mahali anapoanzia kufunga amepachagua kwa kivuli chake na kwa jinsi panavyofichika. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, na saa sita mchana jua liko utosini. Kiota kilichozoea kivuli cha majani kikiachwa wazi kinapata moto kama bati. Mvua ya alasiri ikishuka kwa kishindo, kama inavyoshuka huko kwenu, majani hayo hayo ndiyo mwavuli. Tena kuna kunguru. Kunguru wa mjini humfuata mtu kwa macho, na akikuona umesimama mara tatu mbele ya tawi moja, naye atataka kujua kuna nini.

Hili silisemi kwa kukisia. Mwaka nilipopata lenzi ndefu ya kwanza nilikuwa nikiishi Nakuru, upande wa Lanet, na shorewanda alikuwa amejenga ndani ya ua wa michongoma nyuma ya jikoni. Unamjua: kichwa cheusi, manjano chini ya mkia, ndege wa kwanza kupiga kelele alfajiri. Kiota chake ni kikombe kisicho na paa. Kulikuwa na makinda matatu. Sikukata kitu, nilidhani nina huruma, nikayavuta matawi pembeni na kuyafunga kwa uzi, nikapiga picha kwa dakika arobaini, kisha nikafungua uzi. Lakini tawi lililovutwa halirudi lilivyokuwa, majani yanabaki yamegeuka. Asubuhi yake kunguru alikuwa juu ya ua na kikombe kilikuwa kitupu. Picha zile ninazo, ni safi, na sijawahi kumwonyesha mtu yeyote. Tangu siku hiyo, kiota kisichoonekana bila kusogeza jani sikipigi picha.

Lakini usikate tamaa, maana kiota chako kinaonekana, na una bahati ambayo wapiga picha wengi wangeilipia: umbali wa mita tatu, dirisha, na ndege aliyekwisha kuzoea sauti za nyumba yako. Machozi wa aina hii hujenga karibu na watu mara nyingi sana, kwenye veranda, kwenye waya wa taa, hata kwenye kipande cha kamba kilichosahauliwa. Huenda wanaona kwamba penye watu wanaopitapita, adui zao hawasogei ovyo. Yaani amekubali uwepo wako ulivyo sasa. Asichokubali ni mabadiliko ya ghafla. Kila nitakachokuambia kimejengwa juu ya hilo.

Ushauri wangu wote ni maneno manne: piga njia, usipige mlango. Chozi haruki moja kwa moja kutoka kwenye ua hadi kiotani. Hutua kwanza mahali fulani, tawi la karibu, kamba ya nguo, ncha ya chuma cha grili, akatazama huku na huku, kisha ndipo anaingia. Na mahali hapo hapabadiliki sana; ana vituo viwili au vitatu, anavirudia siku nzima. Kaa na kikombe cha chai nusu saa, bila kamera, na daftari lako la mwalimu. Andika ametua wapi, mara ngapi, ameingia kutoka upande gani. Nusu saa hiyo itakupa picha nzuri kuliko lenzi yoyote ya kununua. Kwenye kituo, ndege yuko wazi, jicho linang'aa, mdomoni kabeba kitu, nyuma yake kuna majani ya mbali yaliyofifia. Mlangoni utapata mgongo na mkia. Watu wengi wanaelekeza kamera kwenye kiota kwa sababu kiota hakihami, na ndiyo maana picha zao zote zinafanana.

Sasa kalenda. Kwa kawaida chozi mwenye kifua chekundu hutaga mayai mawili, wakati mwingine moja au matatu. Jike huatamia peke yake kwa wiki mbili hivi, na makinda hukaa kiotani wiki mbili na ushee kabla ya kuruka. Siku za kujenga na kutaga ndizo za hatari kubwa ya ndege kukihama kiota, kwa sababu bado hajawekeza mengi, hizo zimeshapita. Umesema amekaa siku nne, basi tarajia kuanguliwa kama siku kumi kutoka leo. Hutahitaji kuchungulia ili ujue. Siku mayai yakianguliwa, mama ataanza kurudi na kitu mdomoni. Mzazi mwenyewe hunywa maji matamu ya maua, lakini kinda hakui kwa sukari, hulishwa wadudu na buibui wadogo. Na akitoka utamwona amebeba kifuko cheupe kama tone la maziwa: ni kinyesi cha kinda, kinatoka kikiwa kimefungwa kwenye ngozi nyembamba ili mama akitupe mbali, kiota kibaki safi. Hiyo picha ya mama anatoka na kifuko cheupe ndiyo ninayoipenda kuliko zote za kiotani. Watu wakiiona huuliza ni nini, na hapo mazungumzo yanaanza.

Kwa sasa, akiwa bado anaatamia, unayo picha moja tu ya kupiga, nayo ni ya utulivu: mdomo uliopinda na jicho moja vikichungulia mlangoni, chini ya kile kijipaa anachokijenga juu ya mlango. Ipige mara chache, asubuhi, halafu mwache. Siku nzuri za kazi zitaanza makinda yakifika siku ya tano au ya sita, wakati wazazi wote wawili wanalisha na safari ni nyingi. Na siku nne tano za mwisho kabla ya kuruka, rudi nyuma kabisa. Hapo makinda yana manyoya lakini mabawa bado hayana nguvu, na yakishtuka hutoka kiotani kwa pamoja kama mbegu zilizopasuka. Yakishatoka hivyo hayarudi ndani. Yatalala chini, na Mamboleo ina paka.

Dirisha lako ndilo kificho chako. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita ndugu wawili Waingereza, Richard na Cherry Kearton, walitengeneza ng'ombe wa bandia kwa ngozi halisi, mpiga picha akajificha tumboni ili ndege wasimwone. Wewe huhitaji ng'ombe. Chukua leso mbili za rangi iliyokolea, si zile nyeupe wala za manjano, uzitundike dirishani kama pazia, uache nafasi ya lenzi katikati. Zitundike leo jioni na uziache hapo siku zote hadi makinda yaruke, uwe unapiga picha au hupigi. Ndege akiamka na kukuta kitu kipya kisichosogea, atakitazama kidogo kisha akisahau. Kikining'inizwa na kuondolewa kila siku, kila siku ni kitu kipya.

Taa ya sebule izimwe ukiwa nyuma ya leso, la sivyo kivuli chako kinaonekana nje kama sinema. Funika pia televisheni. Kama lazima upige kupitia kioo, ncha ya lenzi iguse kioo kabisa, au uizungushie kitambaa cheusi, ndipo mwangaza wa chumbani usiingie kwenye picha. Kama kioo kinafunguka kuelekea ndani au kinateleza, kifungue mapema, polepole, mama akiwa ametoka kula. Najua madirisha ya Kisumu yana wavu wa mbu. Usiung'oe, huo ni mji wa malaria na hakuna picha ya kuugulia. Bandika lenzi kwenye wavu wenyewe, vuta hadi 250, na nyuzi zitayeyuka zisionekane. Picha itapoteza ukali kidogo na weusi wake utafifia, lakini hilo unaweza kulirudisha baadaye ukiirekebisha kwenye simu. Nondo za grili ni baraka: zinashikilia mfuko wa kilo moja ya mchele au maharage uliowekwa kwenye kizingiti cha dirisha, na lenzi inalala juu ya mfuko huo imetulia kuliko kwenye stendi ya bei rahisi.

Hesabu kidogo sasa. Kwa mita tatu, lenzi yako ikivutwa hadi mwisho inachukua eneo la upana wa sentimita 25 hivi na kimo cha 16 au 17. Chozi huyu ana urefu wa sentimita 13 hadi 15. Yaani hata ukikaa hapo hapo ulipo anajaa kwenye picha, na huna sababu yoyote ya kusogea. Hesabu ya pili ni ngumu zaidi: kwa umbali huo, tundu la lenzi likiwa f/5.6, sehemu inayotoka kwa ukali ina kina cha sentimita tatu tu. Jicho likiwa kali, mkia haupo. Kwa hiyo usiiachie kamera itafute shabaha yenyewe kila ndege anapofika; itakamata jani. Lenga kituo chake akiwa hayupo, tawi lile hasa, kisha zima fokasi ya kujiendesha na usiguse tena. Mwanga ukiruhusu, nenda f/8, yaani tundu dogo zaidi, upate sentimita moja zaidi.

Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, isishuke chini ya 1/800 ya sekunde ndege akiwa ametua kituoni, maana chozi hatulii hata akitulia. Ukitaka anaporuka, anzia 1/2000. Kwa mama anayechungulia mlangoni, 1/250 inatosha kwa sababu lenzi imelala juu ya mchele. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iache ipande hadi 1600 bila woga. Chembechembe kwenye picha ni afadhali mara kumi kuliko ndege aliyefifia. Kwa jike hakuna shida ya mwanga. Dume ndiye mtihani. Mwili wake ni mweusi kama mahameli, kamera ikiuona inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, na ule wekundu wa kifua unaungua, unatoka kama doa la rangi lisilo na manyoya. Punguza mwanga theluthi mbili ya hatua, kwenye kitufe chenye alama ya kuongeza na kutoa. Kisha kuza picha kwenye skrini uone kama manyoya ya kifua yanahesabika. Kama hayahesabiki, punguza tena. Hapo pia ndipo utakapoona vistari vya buluu ndani ya wekundu, ambavyo kwa macho ya kawaida mara nyingi hatuvioni.

Kuhusu saa: kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, basi. Jua limepanda vya kutosha, mwanga unatoka ubavuni, na ukuta wa nyumba yako, kama umepakwa rangi nyeupe, unarudisha mwanga kwenye upande wa kivuli bila wewe kufanya lolote. Tena asubuhi hewa imetulia. Kuanzia mchana upepo wa ziwani unaingia nchi kavu, na kiota kinachoning'inia kinayumba. Wewe unaishi hapo, unaujua upepo huo kuliko mimi. Jioni mwanga hurudi kuwa mzuri, lakini jioni ni wakati wa makinda kushibishwa kabla ya usiku, na mimi huwaachia.

Flashi hapana. Ndani ya kiota ni giza kwa makusudi, na picha ya koo la kinda lililomulikwa haina kitu ambacho picha ya mama na buibui mdomoni haina. Mwanga wa ghafla unaweza kumfanya mzazi asite kuingia, na huo pekee ni mlo uliochelewa. Sauti ya ndege kutoka kwenye simu nayo hapana. Kuna watu hucheza wimbo wa dume mwingine ili mwenye nyumba aje mbele. Anakuja kweli, amekasirika, anatafuta adui ambaye hayupo, na muda huo halishi. Droni usikubali hata ukipewa bure. Juu ya kiota inaonekana kama mwewe, na hata hivyo Kenya huwezi kuirusha bila kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga.

Jifunze kusoma hasira yake, maana hiyo ndiyo saa yako ya kuacha. Jike aliyetulia hutua kituoni, hutazama sekunde chache, akaingia. Jike mwenye wasiwasi hutua na chakula mdomoni halafu haingii. Anaruka tawi hili, anarudi lile, anapiga mlio mkali wa kukatikakatika, "chip, chip, chip", anapigapiga mabawa, anafuta mdomo kwenye tawi ingawa si mchafu. Ukiona hivyo, usingoje picha moja ya mwisho. Toka dirishani, funga mlango wa sebule. Dakika kumi na tano zikipita tangu ukae na hakuna mzazi aliyeingia, toka vilevile, hata kama hukusikia mlio wowote. Na hata siku mambo yanakwenda vizuri, kaa nusu saa kisha uondoke, kesho yupo.

Wajukuu. Hapa nakuomba msimamo wa darasani. Makinda hayatashikwa, hayatatolewa kiotani, hayatapangwa kwenye kiganja ili yapigwe picha. Nimeona picha za namna hiyo zikisifiwa, na zinaniuma. Lakini watoto kuona waone, na waone vizuri kuliko kwa ngazi. Weka simu dirishani, imelazwa kwenye mfuko wa mchele, iwe inarekodi video ya 4K huku mmetoka chumbani. Hakikisha imenyamazishwa na haitaita katikati. Baada ya dakika ishirini ichukueni, mtazame pamoja kwenye televisheni: mama anaingia, mkia unatikisika, midomo inafunguka. Kila fremu moja ya video ya 4K ni picha yenye pikseli milioni nane, kwa hiyo mkiona tukio zuri mnaweza kulisimamisha na kulihifadhi kama picha, na inatosha kuchapishwa ukubwa wa ukurasa wa daftari. Kisha wape kazi. Mmoja ahesabu safari za jike, mwingine za dume, kwa nusu saa asubuhi na nusu saa alasiri, waandike kila siku. Watajua mambo ya huyu chozi ambayo mimi siyajui.

Mkubwa wao akipenda hesabu hizo, mwonyeshe Kenya Bird Map, ramani ya ndege wa nchi hii inayojazwa na watu wa kawaida kwa kutumia simu. Nchi imegawanywa katika miraba ya kilomita tisa kwa tisa hivi, na anayeandika orodha yake anasaidia kujulikana kwa ndege walipo. Mraba huo ni mpana vya kutosha kwamba nyumba yako haionekani.

Jambo moja linaweza kukushangaza, na nalitaja mapema ili usichukue hatua. Kuna kekeo mdogo wa kijani anayeitwa kekeo wa Klaas, ambaye hajengi kiota. Hutaga katika viota vya machozi na ndege wengine wadogo. Kinda lake likianguliwa huyasukuma nje mayai ya mwenye nyumba. Ukiona baada ya wiki moja kwamba ndani kuna kinda moja kubwa lisilofanana na mama, na mama anahangaika kulilisha, basi ndilo hilo. Liache. Naye ni ndege wa porini, amekuwapo kabla yetu, na utakuwa na picha ambayo wapiga picha hutafuta miaka.

Kinda likianguka: kama halina manyoya, lirudishe kiotani kwa mkono mkavu, haraka, kisha ondoka. Ile habari kwamba mama atalikataa kwa sababu ya harufu ya mtu si kweli. Tumeambiwa hivyo tangu utotoni, na nadhani wazazi wetu walitaka tu tusiguseguse viota, jambo ambalo ni la busara. Kama lina manyoya na linarukaruka, halikuanguka, limehitimu. Liweke juu ya tawi lililo karibu, mbali na paka, wazazi watalisikia. Na upepo wa dhoruba ukiangusha kiota kizima na makinda yakiwa hai ndani, hapo ndipo ninaporuhusu uzi: kifunge pale pale kilipokuwa, mlango ukitazama upande ule ule, kisha utazame ukiwa dirishani kama mama amerudi.

Na kijana anayekuja kukata nyasi aambiwe. Slasha ipite mbali na bogonvilia kwa mwezi huu. Kukanyaga kila siku chini ya tawi moja hulaza nyasi, na paka hufuata njia iliyolala.

Picha zikitoka, watu watazitaka. Kabla ya kuzituma kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, zima alama ya mahali kwenye simu, na usiandike kiota kiko wapi hadi makinda yaruke. Mtaani kuna watoto wenye manati, na kuna wapiga picha wazima wenye haraka. Wa pili ndio wanaonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu watabisha geti kwa adabu na utaona haya kuwakatalia. Wakatalie. Ukitaka kuzipeleka kwenye mashindano, soma masharti kwanza, kwani yapo ambayo siku hizi hayapokei picha za kiotani. Lakini picha ya kituoni haina kizuizi hicho, kwa kuwa kiota hakimo ndani yake.

Ukipata siku moja isiyo na chozi, mama amechoka kutazamwa au mvua imekatalia, nenda ukatazame minana, ndege wasuka viota, wale Wajaluo wanaowaita osogo. Miti mingi iliyo karibu na maji huko Kisumu ina makundi yao. Dume wa mnana kijiji ndiye mwalimu bora wa kamera yako: anasuka mchana kutwa, mahali pamoja, akining'inia kichwa chini na kupigapiga mabawa ya manjano ili jike amkubali. Kiota kikikataliwa, majani yake yakakauka na kupoteza ukijani, mara nyingi hukibomoa mwenyewe na kuanza upya. Wamezoea kelele, wako juu, na ukisimama mita kumi na tano chini yao wanaendelea na kazi. Kasi ya shata utakayojifunza hapo ndiyo utakayorudi nayo dirishani.

Makinda ya chozi yakisharuka, yatabaki karibu na ua siku kadhaa yakiomba chakula, na hizo ni siku nzuri sana za picha, kwa sababu hakuna tena kiota cha kulinda. Yatapanga mstari kwenye tawi kama watoto kwenye gwaride, wazazi wakija na kuondoka. Kiota kitupu usikiondoe. Machozi hawa hupenda kurudi mahali palipowafaa, na jike anaweza kujenga tena kwenye tawi hilo hilo msimu ujao, hata kukitengeneza kile cha zamani. Ukifika wakati wa kupogoa bogonvilia, pogoa upande wa geti na upande wa tangi. Tawi lile liache, pamoja na hayo mawili yanayokiziba, na leso zikunje uziweke mahali utakapozikumbuka.